Kufuli la tovuti si dhamana: Mzazi, kagua cheti kabla ya kutuma pesa

Ni saa mbili usiku, Makurunge, wilayani Bagamoyo. Mama wa watoto wawili ametoka kumlaza mdogo, mwenye umri wa miaka miwili, ambaye kifua kimembana tangu juzi. Mkubwa, mwenye miaka saba, bado yuko mezani na daftari la hesabu. Baba yuko zamu kwenye mashamba ya miwa. Simu inaita mlio wa ujumbe. Ni kundi la WhatsApp la wazazi.

"HABARI NJEMA WAZAZI! Toto Afya Kadi imerudi kwa bei ya ofa. Shilingi 25,200 tu kwa mtoto badala ya 50,400. Jaza jina la mtoto, namba yako ya NIDA na namba ya simu. Mwisho leo saa sita usiku." Chini yake kuna linki.

Mama anaibonyeza. Ukurasa unafunguka haraka, una picha ya mtoto anayecheka, una rangi nzuri na fomu ya kujaza. Kwenye kundi tayari mzazi mmoja ameandika: "Nimeikagua, ina kufuli. Ni salama." Wengine wanne wameweka alama ya dole gumba.

Mama anapiga hesabu. Watoto wawili kwa 25,200 ni 50,400, yaani bei ya mtoto mmoja kwa watoto wawili. Fedha hiyo ipo, iliwekwa kwa ajili ya sare za shule. Anaanza kujaza jina la mtoto wa kwanza.

Hadithi hii ni ya mfano, lakini hakuna mzazi mwenye simu ambaye hajawahi kupokea ujumbe wa namna hii. Safari hii ni bima, kesho ni mkopo wa chuo, keshokutwa ni nafasi za shule au dawa ya mtoto inayouzwa kwa punguzo. Na karibu kila mara, anapotokea mtu wa kuhoji, hujibiwa kwa neno moja: kufuli.

Kufuli linasema nini hasa?

Kwa miaka mingi watumiaji wa intaneti walifundishwa kutazama alama ndogo ya kufuli pembeni mwa anwani ya tovuti. Ikiwepo, endelea. Isipokuwepo, kimbia. Nusu ya pili ya funzo hilo bado ni kweli. Nusu ya kwanza imewaponza wengi.

Kufuli huonekana pale tovuti inapokuwa na cheti cha usalama. Cheti hicho ni faili dogo la kompyuta ambalo simu ya mzazi hulisoma kimyakimya kabla ya kufungua ukurasa. Hufanya kazi mbili. Kwanza, huwezesha maneno yanayoandikwa kwenye fomu kusafiri yakiwa yamefungwa, ili mtu aliye katikati ya njia asiyasome. Pili, huthibitisha kwamba tovuti iliyofunguka kweli ni ya anwani ile iliyoandikwa juu ya skrini.

Cheti hakisemi kwamba mwenye anwani ni mwaminifu. Hakisemi kwamba ana leseni ya kuuza bima. Ni sawa na kitambulisho cha NIDA: kinaonyesha mtu huyu anaitwa nani, lakini hata mwizi anacho. Barua iliyofungwa kwenye bahasha imara ikipelekwa kwa tapeli, bahasha itamfikia tapeli bila kufunguliwa njiani.

Zamani vyeti hivi vilinunuliwa, na baadhi vilikuwa ghali, kwa hiyo matapeli wengi hawakuhangaika navyo. Hali ilibadilika mwaka 2015, pale taasisi isiyo ya kibiashara ya Marekani iitwayo Let's Encrypt ilipoanza kutoa vyeti bure, kwa njia ya kompyuta, ndani ya dakika chache. Lilikuwa jambo jema sana. Shule ndogo, zahanati na vikundi visivyo na fedha vilipata ulinzi uliokuwa wa mabenki. Leo mamia ya mamilioni ya tovuti duniani yanatumia vyeti vyake. Lakini mlango uliofunguliwa kwa zahanati ulifunguka pia kwa tapeli, kwa sababu kinachokaguliwa ni kitu kimoja tu: je, anayeomba cheti ndiye anayeimiliki anwani hiyo? Tapeli aliyesajili anwani yake jana anaimiliki kweli. Anapewa cheti.

Google, watengenezaji wa kivinjari cha Chrome, walifanya utafiti mwaka 2021 na kukuta ni asilimia 11 tu ya walioshiriki walioelewa sawasawa maana ya alama ya kufuli. Septemba 2023 wakaiondoa kwenye Chrome na kuweka alama nyingine ya vijistari viwili vyenye vidoti. Walitaka watu waache kuichukulia kama alama ya kuaminika. Mzazi ambaye simu yake bado inaonyesha kufuli, na yule ambaye simu yake haionyeshi tena, wote wako kwenye hali moja.

Kijana wa stesheneri

Turudi Makurunge. Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, mama anasita. Kinachomsumbua ni "mwisho leo saa sita usiku". Jambo la serikali, anajiuliza, tangu lini likawa na haraka ya namna hii? Anavuka barabara hadi kwa kijana wa stesheneri ambaye bado hajafunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie hii kitu. Wenzangu wanasema ina kufuli."

Kijana anaisoma anwani taratibu, kisha anaandika anwani nyingine kwenye simu yake: crt.sh. Ukurasa unaofunguka hauna mapambo, una kisanduku kimoja tu. Ananakili ndani yake jina la ile tovuti ya bima na kutafuta. Inatoka orodha fupi, mistari miwili tu.

"Mama, tovuti hii ilipata cheti chake cha kwanza juzi Jumanne."

"Maana yake nini?"

"Maana yake wanasema wao ni wa siku nyingi, ila mlango wao una siku tatu. Sasa tazama hii." Anaandika necta.go.tz, anwani ya Baraza la Mitihani. Orodha inayotoka ni ndefu, inashuka chini na chini, na tarehe zake zinarudi nyuma miaka.

Mama anaitazama simu yake, kisha anafuta jina la mtoto lililokuwa limejazwa nusu.

Daftari lililo wazi kwa kila mtu

Alichotumia kijana yule ni chombo cha bure kinachoorodhesha vyeti vya usalama vilivyowahi kutolewa kwa tovuti fulani. Hakihitaji kujisajili wala nywila, na hakiombi jina la mtu. Kilianza kutumika mwaka 2015, na kinaendeshwa na Sectigo, kampuni iliyokuwa ikiitwa Comodo, mojawapo ya zile zinazotoa vyeti.

Sababu ya kuwapo kwake ni mkasa wa Uholanzi. Mwaka 2011 kampuni ya DigiNotar, iliyokuwa na mamlaka ya kutoa vyeti, ilivamiwa na wadukuzi. Walijitengenezea vyeti bandia zaidi ya 500, kikiwamo kimoja cha Google. Kwa cheti hicho, watu wa Iran waliokuwa wakifungua barua pepe zao waliletewa ukurasa ambao simu na kompyuta zao ziliuona kuwa ni Google halisi. Anwani za intaneti takriban 300,000 ziliguswa, karibu zote za Iran. Cheti kilitolewa Julai, lakini hakikujulikana hadi mwisho wa Agosti, pale mtumiaji mmoja wa Iran alipoona onyo kwenye kivinjari chake na kuuliza. Septemba mwaka huohuo DigiNotar ilifilisika.

Swali lililobaki lilikuwa zito. Ikiwa mtoa vyeti anaweza kutoa cheti cha jina la mtu mwingine, na mwenye jina asijue, nani atamlinda mtumiaji?

Jibu lililopatikana halitakuwa geni kwa msomaji wa Tanzania. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, wanaotaka kufunga ndoa hutoa taarifa siku zisizopungua 21 kabla, na taarifa hiyo hutangazwa ili mwenye pingamizi aseme. Wahandisi wa Google walipendekeza jambo linalofanana kwa vyeti vya tovuti: kila cheti kiandikwe kwenye daftari la wazi ambalo mtu yeyote duniani anaweza kulisoma. Utaratibu huo ulichapishwa rasmi Juni 2013. Kwa vyeti vilivyotolewa baada ya Aprili 30, 2018, Chrome ilianza kukataa vile visivyoonyesha uthibitisho kwamba vimeandikwa humo. Apple ikafuata mwaka huohuo.

Madaftari hayo yako kadhaa na yanatunzwa na taasisi tofauti. Yameundwa kwa hesabu ambayo hairuhusu kufuta wala kuchomeka mstari katikati. Ukigusa ukurasa mmoja, kurasa zote zinazofuata hazitalingana tena. Wanachama wa VICOBA wanaijua tabia hii. Sanduku lina makufuli matatu, funguo ziko kwa watu watatu, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Hakuna anayelazimika kumwamini mweka hazina peke yake.

Kwa hiyo tapeli anayetaka tovuti yake ifunguke vizuri kwenye simu za wazazi hana budi kupata cheti, na akikipata, tarehe yake inaandikwa hadharani. Mahali hapo ndipo mzazi anapoweza kumsoma.

Namna ya kuisoma orodha

Mzazi hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Hatua ni chache.

Kwanza, nakili anwani ya tovuti inayotiliwa shaka bila kujaza chochote ndani yake. Chukua jina kuu tu, lile linaloishia kwenye alama ya kwanza ya mkwaju, na uache maneno yanayoanza na https.

Pili, fungua crt.sh kwenye kivinjari, bandika jina hilo kwenye kisanduku na utafute. Chombo hiki wakati mwingine huwa kizito na huweza kugoma kabisa. Subiri dakika chache ujaribu tena.

Tatu, ulalishe simu kwa upana, kwa sababu jedwali ni pana. Lugha yake ni Kiingereza, lakini mpangilio haubadiliki. Kutoka kushoto kuna namba ya kumbukumbu, kisha tarehe tatu: siku cheti kilipoandikwa kwenye daftari, siku kilipoanza kutumika na siku kitakapokwisha. Baada ya hapo kuna majina ya tovuti yanayohusika, na mwisho jina la aliyetoa cheti. Tarehe huanza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku.

Nne, shuka hadi chini kabisa. Vyeti vipya viko juu, vya zamani viko chini. Mstari wa chini ndio wenye habari inayotafutwa: tovuti hii ilianza lini kupata vyeti?

Usishtuke ukiona mistari miwili iliyo karibu sawa. Cheti kimoja mara nyingi huandikwa mara mbili, kwanza kama rasimu kisha chenyewe. Usishtuke pia ukiona vyeti vingi vya muda mfupi. Vya Let's Encrypt kwa kawaida hudumu siku 90 na kufanywa upya, na mwezi Aprili 2025 watoa vyeti na watengenezaji wa vivinjari walikubaliana kupunguza muda wa juu hatua kwa hatua hadi siku 47 ifikapo Machi 2029. Wingi wa mistari kwa tovuti ya siku nyingi ni jambo la kawaida, kama kadi ya kliniki ya mtoto anayehudhuria kila mwezi.

Kinachopimwa ni kama umri unalingana na madai. Zahanati iliyofunguliwa mwezi uliopita kuwa na cheti cha mwezi uliopita si ajabu. Tovuti inayojitangaza kuwa ni ya mfuko mkubwa wa bima, ilhali cheti chake cha kwanza kina siku tatu, ni sawa na mtu anayesema ametibu watoto miaka 20 huku leseni yake ikiwa ya wiki iliyopita.

Orodha ina mipaka yake

Chombo hiki hakitoi hukumu. Hakisemi tovuti hii ni ya kitapeli na hii ni halali. Kinatoa tarehe na majina tu, kazi ya kupima inabaki kwa mzazi.

Matapeli wengine hawasajili anwani yao wenyewe. Hutengeneza ukurasa ndani ya huduma kubwa za bure za kutengenezea tovuti au fomu, na hapo cheti huwa ni cha huduma hiyo, chenye historia ndefu na safi. Kwa hali kama hiyo orodha haisaidii. Swali la kujiuliza ni jingine: kwa nini taasisi ya umma ikusanye namba za NIDA kwenye ukurasa wa bure?

Orodha tupu nayo si ushahidi wa usafi. Huenda jina limeandikwa vibaya, au tovuti haina cheti kabisa, na isiyo na cheti haifai kupewa hata jina la mtoto.

Vilevile tapeli mvumilivu anaweza kununua anwani ya zamani iliyoachwa na mwenyewe, ikaonekana ya miaka mingi. Ndiyo maana kuna ukaguzi wa haraka zaidi unaopaswa kutangulia, nao ni kusoma anwani kutoka kulia.

Mfano ni selform.tamisemi.go.tz, anwani inayotumika katika uchaguzi wa tahasusi za kidato cha tano. Anza kulia: tz ni Tanzania, go ni serikali, tamisemi ni mwenye nyumba, selform ni chumba ndani ya nyumba hiyo. Anwani zinazoishia na go.tz ni za taasisi za serikali, hazisajiliwi na mtu wa mitaani. Shule huweza kutumia sc.tz, vyuo ac.tz. Tapeli hujaribu kuyaweka maneno hayohayo upande wa kushoto au katikati, akayaunganisha kwa vistari, kisha akamalizia na kiishio kingine. Macho yanayosoma kutoka kushoto huona "tamisemi" na kuridhika. Anayesoma kutoka kulia humkamata mara moja.

Kuna pia upande wa pili wa shilingi. Wakati mwingine simu huonya kwamba "muunganisho wako si wa faragha" hata kwa tovuti halali. Angalia kwanza tarehe na saa ya simu. Simu iliyozimika betri ikarudi na tarehe ya miaka ya nyuma huona vyeti vyote kuwa batili. Sababu nyingine ni uzee wa simu. Zile zenye Android ya chini ya toleo la 7.1.1, ambazo nyingi zimekuwa za watoto na mabibi baada ya wakubwa kununua mpya, zilianza kukataa tovuti zenye vyeti vya Let's Encrypt mwaka 2024. Tarehe ikiwa sahihi, simu ikiwa si ya zamani sana na onyo bado lipo, usilipite. Usijaze kitu.

Kilicho hatarini si fedha tu

Shilingi 50,400 za sare zingeuma, lakini zingerudi siku moja. Namba ya NIDA ni habari nyingine. Kitambulisho hicho ndicho kinachotumika kusajili laini za simu, na mtu aliye na namba yako pamoja na majina, tarehe ya kuzaliwa na majina ya watoto anajua vya kutosha kukupigia na kujifanya mwalimu, nesi au wakala. Mzazi mwenye wasiwasi anaweza kupiga *106# na kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye afya. Mzazi aliyelaghaiwa haondoki na hisia ya kuibiwa. Anaondoka na hisia ya kuwa na bima. Analala akijua watoto wamekatiwa, anatumia akiba kwa mambo mengine, na siku mtoto wa miaka saba atakapovunjika mkono, ndipo dirishani atakapogundua kuwa namba aliyopewa haimo kwenye mfumo wowote.

Na wakati mzuri wa tapeli ni wakati wa mabadiliko. Machi 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja kupitia Toto Afya Kadi ulisitishwa, na wazazi wengi wakabaki wakiuliza kitakachofuata. Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Katika kipindi ambacho kila mtu anasubiri tangazo, anayetangaza kwanza ndiye anayesikilizwa, hata akiwa mwongo. Taarifa za bima ziulizwe kwenye ofisi za mfuko wenyewe au kwenye dirisha la bima la hospitali, na maswali ya afya yanaweza kuulizwa bure kwa kupiga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya.

Kwa yule mdogo wa miaka miwili aliyebanwa kifua, neno moja la nyongeza. Mtoto wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anayebonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au anayeshindwa kunywa na kunyonya, hasubiri kadi wala linki. Apelekwe kituo cha afya usiku huohuo. Sera ya afya nchini inawasamehe watoto wa chini ya miaka mitano malipo ya huduma katika vituo vya umma, na mzazi ana haki ya kuiulizia.

Kabla ya kubonyeza

Mambo haya matano yanatosha kubandikwa kwenye kundi la wazazi.

Moja, haraka ni dalili. Huduma halali haifi saa sita usiku.

Mbili, soma anwani kutoka kulia.

Tatu, kufuli linaeleza njia tu, halimwelezi aliye mwisho wa njia.

Nne, kama bado una shaka, kagua umri wa vyeti kwenye crt.sh na uulinganishe na madai ya tovuti. Usipoweza, muulize kijana anayeweza. Ni kazi ya dakika mbili.

Tano, malipo ya serikali huenda kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile wengi wanayoiita kontroo namba, na jina la taasisi hutokea kabla ya kuweka namba ya siri. Ukiona jina la mtu binafsi, simama hapo.

Aliyekwisha kutuma asione aibu akanyamaza. Apige simu mara moja kwa mtandao wake wa simu kuomba muamala uzuiwe, autume ujumbe wa kitapeli kwenda 15040, namba iliyowekwa na TCRA kwa kazi hiyo, kisha atoe taarifa polisi. Udanganyifu wa kutumia kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na taarifa za watoto zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Wenye shule, zahanati na SACCOS zenye tovuti nao wana sababu ya kulitazama daftari hili mara moja kwa mwezi. Waandike anwani yao wenyewe. Wakikuta cheti ambacho hawakukiomba wao wala fundi wao, kuna mtu anatumia jina lao. Wakumbuke pia kwamba majina ya kurasa zao za ndani, yakiombewa vyeti, huonekana humo na kila mtu.

Makurunge, mama aliporudi nyumbani, hakuandika kwenye kundi kwamba yule mzazi mwenzake amekosea. Angemwaibisha bure, na nia yake ilikuwa njema. Aliweka picha mbili za skrini, orodha ya mistari miwili na ile ndefu isiyokwisha, akaandika chini yake: "Wazazi wenzangu, naomba tusubiri hadi kesho tuulize hospitali pale Bagamoyo."

Kisha akaingia ndani kuhesabu pumzi za mtoto.